Bima Ndogo ya Kirikuu cha Melkiadi

Ukimuuliza Melkiadi kazi yake, atakujibu, "Kubeba vya watu." Na ni kweli. Kila siku, kabla jua halijapanda, huwa ameshafika kijiweni karibu na soko la Babati na kirikuu chake. Kirikuu ni kile kigari kidogo cha mizigo, viti viwili mbele na bodi nyuma. Cha Melkiadi ni cheupe, au tuseme kilikuwa cheupe. Kimebeba tofali, vitunguu, magodoro ya maharusi, spika za kwaya na mbuzi wa mnadani.

Melkiadi anaishi Bagara na mkewe Katarina, ambaye watu humwita Mama Herieli. Wana watoto watatu, wote shuleni. Ada, mbolea, sabuni na sare, vyote hutoka kwenye kirikuu. Kikiharibika siku mbili, nyumba nzima inajua.

Mara moja kwa mwaka Melkiadi hununa kutwa nzima. Siku hiyo ni siku ya kukata bima.

"Laki na ushee!" humwambia mkewe. "Na kila mwaka wanapandisha. Mwaka wa tisa huu nawalipa, sijawahi kupata hata kalenda yao."

"Mwaka juzi si walikupa kalamu?" Katarina atasema.

"Kalamu yenyewe haikuandika."

Bima hiyo huikata kwa Eliya, wakala mwenye kiofisi karibu na stendi. Eliya huchukua hela, hubonyeza kompyuta, humpa karatasi. Karatasi ni nyingi, herufi ni ndogo, na lugha ni Kiingereza. Melkiadi hazisomi. Huzikunja na kuzitia chini ya kiti. Haulizi kitu, na Eliya naye haulizi kitu. Kwa Melkiadi, bima ilikuwa kitu cha kumwonyesha trafiki ili akuache upite. Basi. Na sisi wengine, tuseme ukweli, si tuko hivyo hivyo?

Sasa sikiliza yaliyompata.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa sita. Melkiadi alikuwa anatoka Nakwa na mzigo wa tofali za kuchoma. Alifika pale njia ya mtaa inapoingia barabara kubwa. Jua lilikuwa linampiga usoni. Alitakiwa kusimama kabisa, aangalie kulia, aangalie kushoto. Hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akaingia.

Pikipiki ilikuwa imeshafika. Aliyeipanda ni Theodory, mkulima wa Nakwa, akipeleka madumu mawili ya maziwa mjini. Kilisikika kishindo kimoja. Melkiadi aliposhuka, aliona maziwa yanatiririka kwenye lami, taa ya kirikuu imepasuka, na Theodory yuko chini, ameshika mguu wake wa kulia.

"Mungu wangu," Melkiadi alisema. "Ndugu yangu, nimekuumiza."

Wapo madereva wanaokimbia. Melkiadi hakukimbia. Alisimamisha gari iliyokuwa inapita, wakampakia Theodory polepole, wakampeleka hospitali. Mke wa Theodory, Jovita, alienda polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo hospitali huitaka mtu akiumia ajalini. Askari wa trafiki akafika njia panda, akapima, akachora, akaandika maelezo ya Melkiadi. Akamtoza faini. Melkiadi akalipa, akaona ya polisi yamekwisha.

Yaliyobaki yalikuwa ya kibinadamu. Na hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa sababu ya wema.

Kwetu huku, ukimwumiza mtu hungoji kuitwa. Unakwenda mwenyewe. Unakiri, unaomba radhi, mnaandikishana mbele ya watu, mnakunywa chai. Keshokutwa yake Melkiadi na Katarina walibeba kilo mbili za sukari, wakaenda Nakwa. Theodory alikuwa amerudi nyumbani, mguu umefungwa plasta ya hospitali. Mtendaji wa mtaa aliitwa, na wazee wawili nao wakakaa. Mtendaji akatoa karatasi, akaandika, akaisoma kwa sauti:

"Mimi Melkiadi nakiri kwamba kosa ni langu peke yangu. Nitalipa matibabu yote ya ndugu Theodory mpaka apone, na nitamtengenezea pikipiki yake."

Melkiadi alisaini bila kusita. Theodory alimshika mkono.

"Wewe ni mwanaume wa kweli," alimwambia. "Wengine wangejificha."

Watu wakasifu. Chai ikanywewa. Hakuna aliyetaja neno bima. Mtendaji hakulitaja, wazee hawakulitaja, na Melkiadi mwenyewe halikumjia kichwani.

Wiki ya tatu, mguu ulikuwa haujaunga. Daktari alisema mfupa umekaa vibaya, lazima Theodory apasuliwe na kuwekewa chuma. Haikuwa hela ya mchezo. Ukoo wa Theodory ulikutana, wakauza ng'ombe wawili, wakachangishana kilichobaki. Theodory akapasuliwa, na kazi ikaenda vizuri. Kisha Jovita akaja Bagara na mahesabu.

"Shemeji, ni milioni tatu na laki nne," alisema. "Watu wa ukoo wanataka hela yao irudi kabla mbaazi hazijaisha shambani. Uliandika mwenyewe."

"Niliandika," Melkiadi alijibu.

Jovita alipoondoka, Melkiadi alikaa kwenye kigoda, mikono kichwani. Milioni tatu na laki nne! Hakuwa na hata robo yake. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuzika.

"Nitauza gari," alisema. "Cornel wa Sigino alishawahi kuniuliza kama naliuza. Nitamwambia aje Jumamosi."

Katarina aliacha kuchambua mchele. "Ukiuza gari tutakula nini?"

"Sijui, Mama Herieli. Nimechoka, usiniulize."

"Na bima?"

"Bima gani?"

"Ile unayoinunia kila mwaka."

Melkiadi alinyanyua kichwa. Jamani, miaka tisa mtu analipa, na siku ya siku anakumbushwa na mkewe!

Kesho yake alienda kwa Eliya. Eliya alikuna shingo. "Kaka, mimi ni wakala tu. Nakatia watu bima. Mambo ya madai piga makao makuu, namba hii hapa."

Melkiadi akapiga. Simu ikamwimbia muziki mpaka salio likaisha. Akaongeza salio, akapiga tena. Mtu wa kwanza alimwambia afisa yuko kwenye kikao. Wa pili alimwambia atume picha. Akatuma picha. Wa tatu akasema picha hazionekani, atume tena. Kila siku alieleza habari ileile tangu mwanzo, kwa sauti ileile, kwa mtu mwingine. Siku ya sita alimpata dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Baba, uliripoti ajali kwetu lini?"

"Ndiyo naripoti sasa. Ni wiki ya tano."

"Na kuna mahali ulikiri kosa kwa maandishi?"

"Ndiyo, kwa mtendaji," Melkiadi alisema. Alidhani hilo litamsaidia.

"Basi, baba, pole. Madai yako hayalipiki."

Simu ikakatika. Melkiadi aliitazama kwa muda, kisha akaitia mfukoni taratibu. "Wezi hawa," alisema. Hakuwa hata na nguvu ya kupaza sauti.

Katarina alijitanda kanga yake, akatoka. Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Devota, Mama Careen, mama mtu mzima aliyerudi kutoka Arusha miaka mitatu iliyopita. Kila mtu mtaani alimjua kwa kuku na mayai. Katarina alikuwa amewahi kusikia kwamba huko Arusha alifanya kazi kwenye ofisi ya bima, lakini nani anamuuliza muuza mayai habari za bima?

Alirudi naye. Melkiadi akasimama.

"Shikamoo, Mama Careen."

"Marahaba, baba. Nasikia umepigwa na bima."

"Nimepigwa, mama. Nimepigwa kweli."

"Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye meza ya madai," Devota alisema, akavuta kiti. "Niletee karatasi zako. Zote, hata zile ulizofungia karanga."

Melkiadi alizitoa chini ya kiti cha gari. Zilikuwa na vumbi na doa la oili. Devota alivaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Mahali fulani alishusha pumzi.

"Hapa umeandikwa gari la biashara. Ahsante Mungu. Wapo wanaoandika gari binafsi ili walipe kidogo, halafu wanabeba mizigo ya watu kutwa. Ungekuwa umefanya hivyo, ningekupa pole tu nirudi kwa kuku wangu."

"Eliya aliniuliza hivyo mwaka wa kwanza," Melkiadi alikumbuka. "Nusura niseme binafsi."

"Sasa nisikilize. Hii uliyonayo ni bima ndogo. Taa yako iliyopasuka hawakulipi. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza na gari lako pia, kwa masharti yake, na bei yake unaijua. Bima ndogo inamlipa yule uliyemwumiza, au uliyemharibia mali yake."

Melkiadi alikunja uso. "Kwa hiyo miaka tisa yote nilikuwa namlipia Theodory?"

"Ulikuwa unamlipia yeyote utakayemgonga. Sasa umemgonga."

Katarina alijikuta anacheka, akaziba mdomo.

"Ila umefanya makosa mawili," Devota aliendelea. "La kwanza, umekaa wiki tano bila kuwaambia. Bima wanataka kujua mapema, na siku zenyewe zimeandikwa humu ndani. La pili ni ile karatasi ya mtendaji."

Hapo Melkiadi alipandisha sauti. "Mama Careen, nisamehe. Kwani kuomba msamaha ni dhambi? Nilimvunja mtu mguu! Nilitakiwa nimwambie nini? Ngoja kwanza nipige simu Dar es Salaam?"

"Tulia, baba. Kuomba msamaha si dhambi. Nenda kamwone mgonjwa. Peleka sukari. Mwambie pole kutoka moyoni. Mvunie shamba. Hakuna bima inayokukataza utu. Lakini kusaini kwamba kosa ni langu peke yangu na nitalipa vyote, hilo wanataka uwaulize kwanza. Ukisaini peke yako, wanasema, huyu ameshaamua bila sisi, basi na alipe bila sisi."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wamekuambia. Ukurasa wa saba. Kwa Kiingereza."

Devota alivua miwani, akafuta macho. Alionekana amechoka, kama mtu aliyesema maneno hayo mara nyingi mno.

"Unajua, pale mezani kwangu waliokuwa wanakuja na karatasi za mtendaji walikuwa watu wema watupu," alisema. "Wanaokimbia hawana karatasi. Iliniuma kila mara."

"Basi tumekwisha," Melkiadi alisema.

"Nani amekuambia umekataliwa?"

"Dada wa kwenye simu."

"Simu si barua. Anayekukataa akuandikie, na aseme sababu. Niambie, trafiki alifika siku ile?"

"Alifika. Alichora na kuandika. Nikalipa faini."

Devota alipiga goti kwa kiganja. "Na mgonjwa alitibiwa kwa PF3?"

"Ndiyo, mkewe aliichukua siku hiyo hiyo."

"Basi ajali yako imeandikwa serikalini siku ileile. Polisi nao wamekuta kosa ni lako. Karatasi ya mtendaji haikuwadanganya bima wala kuwaongezea hasara. Bila karatasi ile, kosa lingebaki lilelile na mguu ni uleule. Tutaandika hivyo. Siwezi kukuahidi kwamba watalipa, Baba Herieli. Nakuahidi watajibu. Na huyo Cornel mwambie asubiri."

Polisi walimpa Melkiadi taarifa ya ajali baada ya kwenda mara tatu. Kilichobaki ni risiti za hospitali na nakala ya PF3, na hizo zilikuwa kwa Jovita. Devota alimwonya asiende kuomba karatasi kimya kimya. "Mweleze Theodory yote. Asisikie kwa watu."

Basi Melkiadi akaenda Nakwa, akaeleza. Alieleza vibaya, kwa sababu alikuwa anaona aibu. Jovita hakumwacha amalize.

"Ahaa! Sasa unajificha nyuma ya bima!"

"Shemeji, sijifichi. Nataka bima walipe wanachotakiwa kulipa. Wakikataa, neno langu liko palepale."

"Neno gani? Uliandika mbele ya watu. Leo unatafuta pa kutokea. Risiti sikupi!"

Theodory alikuwa amelala kitandani, mguu juu ya mito. Aligeukia ukutani.

"Nilimwambia kila mtu hapa kwamba wewe ni mwanaume wa kweli," alisema. "Nilikosea."

Maneno hayo yalimchoma Melkiadi. Faini alilipa, muziki wa simu aliuvumilia, lakini kuitwa mwongo na mtu ambaye yeye ndiye aliyemvunja mguu kulimzidi. Aliendesha mpaka nyumbani akalala bila kula. Asubuhi alimwambia Katarina, "Nauza gari yaishe. Nisionekane tapeli."

"Ukiuza gari ndiyo utakuwa mtu mzuri?" Katarina alimuuliza. "Theodory ana shida gani leo? Mahindi yake yamekauka, yanaliwa na mchwa, na yeye yuko kitandani. Chukua magunia twende."

Wakaenda. Siku ya kwanza walivuna mahindi ya Theodory kutwa nzima na hakuna aliyewasalimia. Siku ya pili mtoto aliwaletea maji, akayaweka chini, akakimbia. Siku ya tatu walikuwa wanapakia magunia ya mwisho kwenye kirikuu, migongo inawauma. Jovita alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na risiti zote na PF3, zimekunjwa vizuri.

"Katoe nakala, uzirudishe leo," alisema. "Na uji uko jikoni, mtakunywa kabla hamjaondoka."

Jioni ile Devota alimtajia Melkiadi maneno ya barua, Melkiadi akaiandika kwa mkono wake. Ilikuwa fupi. Ilisema ajali ilitokea lini na wapi, nani aliumia, polisi walikuta nini. Ilisema wazi kwamba alichelewa kuripoti kwa kutojua, na kwamba alisaini kwa mtendaji kwa desturi ya kwao. Haikuficha kitu. Iliomba jibu la maandishi. Walibaki na nakala, na ofisi ya bima ikasaini kuwa imepokea.

Halafu wakasubiri. Mwezi wa nane ukapita. Melkiadi akapiga simu, akaimbiwa muziki. Cornel akaulizia gari mara mbili. Watu wa ukoo wa Theodory wakatuma salamu, na salamu zenyewe hazikuwa za kuuliza hali. Mbaazi zikaanza kukauka, na kila Melkiadi alipopita njia za Nakwa na kuona mbaazi, alihesabu siku zilizobaki.

Mwishowe barua ikaja. Ilikuwa imekataa. Melkiadi aliikabidhi kwa Devota kama anakabidhi msiba. Devota akafurahi!

"Mama Careen, wamekataa."

"Wamekataa kwa maandishi, na wametaja sababu. Sasa tunacho cha kujibu. Hii tunaipeleka Mamlaka ya bima, ofisi ya kanda. Hao ndio wanaosimamia kampuni zote. Wasipokusikia, kuna msuluhishi wa migogoro ya bima. Huhitaji wakili. Unahitaji karatasi zako na subira."

"Subira imeniishia, mama."

"Najua. Kaazime kwa mkeo."

Melkiadi akaandika malalamiko, akaambatisha kila kitu: hati ya bima, taarifa ya polisi, PF3, risiti, barua yake, barua ya kukataliwa. Nakala moja ikaenda kwa kampuni yenyewe. Devota alisema makampuni huwa yanasoma vizuri zaidi yakijua kuna mwingine anayesoma.

Wiki tatu baadaye simu ya Melkiadi ililia akiwa kijiweni. Safari hii ni wao waliopiga. Walikuwa wamepitia upya madai. Wangelipa matibabu yenye risiti, na matengenezo ya pikipiki. Maziwa yaliyomwagika na siku ambazo Theodory hakufanya kazi wasingelipa, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu yoyote. Hela ingekwenda kwa Theodory mwenyewe.

Melkiadi hakuruka wala kushangilia. Alikaa kwenye bodi ya kirikuu, miguu inaning'inia, akafuta uso kwa kofia. Baadaye alimpigia mkewe.

"Mama Herieli, gari haliuzwi."

Upande wa pili Katarina akasikika analia.

Hela ilichelewa siku kumi na nne zaidi, lakini ilifika. Ng'ombe wa ukoo walirudishwa kwa thamani yake. Kilichopungua, Melkiadi alikimalizia kidogo kidogo. Taa ya kirikuu aliinunua mwenyewe, tena ya mtumba, na hakulalamika sana.

Mwezi wa kukata bima ulipofika, Melkiadi alienda kwa Eliya akanuna kama kawaida. Bei ilikuwa imepanda tena. Ila safari hii hakutoa hela haraka.

"Eliya, hii inalipa nini na hailipi nini? Nikipata ajali, nina siku ngapi za kuripoti? Namba ya mtu wa madai ni ipi, siyo ile ya muziki? Na nionyeshe kwenye mtandao wa Mamlaka kwamba gari langu limo."

"Kaka, watu wako foleni."

"Na wao wasikie. Si wanalipa?"

Nyuma yake madereva walianza kuguna, kisha wakaanza kusogea karibu. Mmoja akauliza kwa nini gari lake la mizigo limeandikwa binafsi. Eliya akatoa kitambaa akajifuta jasho. Siku ile alifunga ofisi saa moja jioni.

Siku hizi pembeni ya usukani wa kirikuu kuna karatasi ya Kiswahili, mwandiko wa Katarina. Inasema mtu akiumia apelekwe hospitali kwanza, polisi waitwe, picha zipigwe, bima waambiwe siku hiyo hiyo. Mstari wa mwisho unasema: *Omba radhi, usisaini kulipa.* Madereva wa kijiweni wamekuja kuunakili mmoja mmoja, hata wale walioucheka mwanzoni.

Mwisho wa mwezi wa kumi wa mwaka uleule wa ajali, asubuhi, virikuu sita vilikuwa vimepangwa kijiweni vikingoja wateja. Mtu mmoja alikuja anachechemea, ana fimbo mkononi. Alipita kirikuu cha kwanza. Dereva akamwita, "Karibu mzee, twende!" Hakugeuka. Akapita cha pili, cha tatu, cha nne. Akasimama mbele ya Melkiadi. Alikuwa Theodory.

Walitazamana. Tangu ile siku Theodory alipogeukia ukutani hawakuwa wamezungumza maneno zaidi ya salamu.

"Nina magunia manane ya mbaazi nyumbani," Theodory alisema. "Nataka yafike kwa mnunuzi leo."

"Mbona magari ni mengi hapa, ndugu?"

"Nimeyaona. Nimekuja kwa lako."

Melkiadi aliruka chini, akafungua mlango, akamshika Theodory mkono amsaidie kupanda.

"Ingia, ndugu yangu. Wewe hunilipi kitu. Leo ni bure."

Theodory aliuondoa mkono wake. "Hapana, bwana. Taja bei, na mimi nitakupa hela yako. Tukianza tena kupatana mimi na wewe peke yetu, tutaenda kumsumbua yule mama wa mayai."

Melkiadi alicheka mpaka akashika mlango. Ilikuwa miezi minne hajacheka hivyo. Akataja bei, bei ya kweli, ile anayomtoza kila mtu. Theodory akaipunguza kidogo, Melkiadi akagoma, wakakubaliana katikati. Kisha wakawasha gari, wakashika njia ya Nakwa.